Mtoto aliyepitia mitaala miwili hajajifungia mlango wa chuo kikuu

Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi wa Kenya (CBC) waliingia Gredi ya 10. Tangu hapo wazazi wengi wa Nairobi wanaomudu karo ya shule za kimataifa, pamoja na wengine wanaojinyima ili waipate, wamekuwa wakijiuliza kama huu ndio wakati wa kumhamishia mtoto kwenye mtaala wa Uingereza au kwenye diploma ya kimataifa ya IB. Swali hilo ni halali. Linalonisumbua ni hofu inayoandamana nalo: kwamba mtoto aliyemaliza Gredi ya 9 hapa, akafanya IGCSE (mtihani wa Uingereza wa wanafunzi wa miaka kama 16) katika shule ya pili na kumalizia kwa A-Level (mtihani wa Uingereza wa mwisho wa sekondari) au IB katika shule ya tatu, atafika mbele ya chuo kikuu chenye ushindani mkali akiwa na vyeti visivyooana, na kwamba chuo kitamkataa kwa sababu hiyo. Wapo wazazi wanaomwacha mtoto mahali pasipomfaa kwa kuogopa kumchanganyia vyeti, na wapo wanaomwongezea mtihani juu ya mtihani wakiamini kwamba wingi utafidia mchanganyiko. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinaliogopa jambo lisilostahili hofu hiyo. Vyuo vikuu vikubwa vya nje vimezoea kupokea maombi ya watoto waliopitia mifumo miwili au mitatu. Vinakagua kama mwanafunzi amekamilisha programu moja nzima katika miaka yake ya mwisho ya sekondari, kama masomo yake yanaelekea kozi anayoiomba, na kama kuna mtu mwenye mamlaka anayeweza kuieleza safari yake. Kikwazo kigumu zaidi kwa mtoto huyo kiko hapa nyumbani, nacho hakizungumzwi vya kutosha.

Mchanganyiko wa vyeti si jambo lililoletwa na CBC. Kenya yenyewe ilikuwa na kidato cha tano na cha sita hadi mwaka wa 1989, ilipofanya kwa mara ya mwisho KACE, mtihani wa kidato cha sita, na wakati huohuo kwa mara ya kwanza KCSE, mtihani wa Kidato cha Nne. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka wa 1985 kufuatia mapendekezo ya tume ya Mackay ya mwaka wa 1981, uliiondoa ngazi hiyo, ilhali Uganda na Tanzania ziliibakiza. Kuanzia hapo mwanafunzi wa Kenya amekuwa akimaliza sekondari katika hatua ambayo jirani zake, na Uingereza iliyotuachia mfumo wa awali, huihesabu kuwa nusu ya safari. Pengo hilo ndilo lililozalisha njia nyingi za pembeni tunazozijua. Kuna Wakenya waliovuka mpaka kwenda Uganda kusoma kidato cha tano na cha sita baada ya kukosa C+ katika KCSE, kuna waliofanya A-Level za bodi za Cambridge au Pearson jijini baada ya Kidato cha Nne, na kuna watoto wa wafanyakazi wa mashirika ya Umoja wa Mataifa yaliyoko Gigiri, au wa balozi mbalimbali, ambao hubadilisha mtaala kila mzazi anapohamishwa kikazi. Afisa wa udahili anayeshughulikia maombi kutoka Nairobi huzikuta historia za namna hii mara kwa mara, na kwake faili ya mtoto aliyesoma mfumo mmoja tangu chekechea si kigezo cha ubora.

Ili tuelewe kwa nini mchanganyiko hauna uzito uleule kila mahali, ni lazima tutofautishe namna nchi zinavyosoma faili. Uingereza inautazama mwisho. Chuo kikitoa nafasi yenye masharti, masharti hayo huandikwa kwa lugha ya mtihani wa mwisho: alama fulani katika A-Level tatu, au pointi fulani kati ya 45 za IB pamoja na alama mahsusi katika masomo ya ngazi ya juu. IGCSE au matokeo ya Sekondari Msingi (Gredi ya 7 hadi ya 9) husomwa kama historia. Yanaweza kusaidia kupima uthabiti wa mwanafunzi, lakini kwa kozi nyingi hayabebi uamuzi. Kwa hiyo aliyehama akiwa Gredi ya 9 na kumaliza A-Level tatu kikamilifu hana tofauti ya maana na mwenzake aliyeanza mtaala wa Uingereza akiwa na umri wa miaka mitano. Anayepata taabu ni aliyevunja programu katikati, akawa na A-Level moja, cheti cha masomo mawili ya IB bila diploma yenyewe, na labda mtihani mmoja wa AP, yaani mtihani wa Kimarekani wa somo moja la kiwango cha chuo. Kila kipande chaweza kuwa kizuri, lakini diploma ya IB ni programu ya masomo sita, insha ndefu, somo la nadharia ya maarifa na shughuli za huduma, na aliyechukua masomo mawili pekee hajaonyesha kwamba anaweza kuubeba mzigo wote kwa pamoja. Wasiwasi wa chuo hapo ni juu ya mzigo, wala hauhusu jina la bodi iliyotahini.

Marekani inasoma kwa namna nyingine kabisa. Huko hutakiwa matokeo ya miaka minne ya sekondari, mwaka kwa mwaka, pamoja na barua za walimu, taarifa ya mshauri wa shule na maelezo ya shule yenyewe: inafundisha masomo gani, inatoa alama kwa kanuni zipi, na wanafunzi wake huelekea wapi. Mchanganyiko huonekana wazi zaidi katika mfumo huu kwa sababu mabadiliko yote yanalala juu ya karatasi, lakini pia husamehewa kwa urahisi zaidi, mradi upate maelezo. Mwanafunzi aliyeshuka alama katika mwaka wa kuhama kisha akapanda anaeleweka ikiwa mshauri ameandika sentensi mbili kuhusu kuhama huko. Akikosa mtu wa kuandika sentensi hizo, msomaji aliyeko Massachusetts au Connecticut hubaki kukisia. Ndiyo maana naamini kwamba katika shule nyingi za Nairobi, hasa zile ndogo zilizochipuka kwenye nyumba za kukodi mitaani, upungufu mkubwa ni ukosefu wa mwalimu aliyepewa kazi hiyo na muda wa kuifanya. Mzazi anayezuru shule huuliza kuhusu bwawa la kuogelea na basi. Angeuliza pia ni nani huandika barua za vyuo, na aliandika ngapi mwaka uliopita.

Wanaotetea msimamo wa kubaki katika mfumo mmoja wana hoja nzito zinazostahili kusikilizwa. Kuhama kuna gharama ya kujifunza upya namna ya kujibu maswali. Mtoto aliyezoea kazi za mradi na viwango vya umilisi huhitaji muda ili azoee karatasi ya saa mbili inayosahihishwa na mtu asiyemjua. Kuna pia suala la alama zinazotarajiwa. Ombi la Uingereza hupitia UCAS, shirika linalopokea maombi ya vyuo vya huko, na kwa Oxford, Cambridge na kozi nyingi za udaktari mwisho wake ni tarehe 15 Oktoba, miezi mingi kabla ya matokeo ya mtihani wa mwisho kutolewa. Shule hulazimika kutabiri. Mwalimu aliyemfundisha mwanafunzi kwa muhula mmoja na ushei hawezi kutabiri kwa ujasiri sawa na aliyemfundisha miaka miwili, na anayefanya mtihani kama mtahiniwa wa kibinafsi, kwa mfano kupitia British Council, huenda asiwe na mwalimu yeyote wa kumtabiria. Hoja hii nakubaliana nayo kabisa. Inachothibitisha, hata hivyo, ni kwamba kuna wakati mbaya wa kuhama. Anayehama mwanzoni mwa ngazi mpya, yaani baada ya Gredi ya 9, baada ya IGCSE au baada ya KCSE, anakwepa karibu madhara yote hayo. Anayehama katikati ya miaka miwili ya mwisho anayabeba yote, na huyo ningemshauri mzazi wake asubiri, hata kama shule aliyopo haimridhishi.

Upande wa wakusanyaji wa vyeti hauna nguvu kiasi hicho. Katika vituo vya masomo ya ziada vya Westlands na Kilimani si vigumu kumpata kijana anayejiandaa kwa A-Level nne, SAT (mtihani wa Kimarekani wa kuombea chuo) na AP mbili kwa mpigo, huku mzazi akiamini kwamba kila karatasi mpya inaisukuma ile ya zamani isionekane. Vyuo vya Uingereza hutoa masharti yao ya kawaida kwa A-Level tatu. Ya nne hudaiwa kwa nadra, na ikishusha alama za zile tatu imemdhuru mtoto. Upande wa Marekani ni kweli kwamba SAT imerudi kuwa na maana, kwa kuwa MIT iliirejesha mwaka wa 2022, na mwaka wa 2024 Dartmouth, Yale na Harvard zilitangaza kurudia matakwa ya mitihani. Lakini Yale, kwa mfano, inakubali matokeo ya IB au AP badala ya SAT au ACT, kwa hiyo mwanafunzi wa IB anayeilenga hana sababu ya kupoteza likizo nzima akikimbizana na mtihani ambao tayari ana mbadala wake. Mtihani wa ziada huwa na maana unapojaza pengo mahsusi. Kwa mwanafunzi wa KCSE, ambaye cheti chake hakijulikani kwa kila msomaji, alama nzuri ya SAT ni ushahidi wa kipimo kinachotambulika. Kwa mwenzake mwenye A-Level tatu imara ushahidi huo haumwongezei kitu kikubwa.

Hoja dhaifu kuliko zote, na inayorudiwa zaidi, ni kwamba vyeti vya Kenya havina thamani nje na kwa hiyo mtoto atoroshwe mapema kabla havijaingia kwenye faili yake. Hoja hii inachanganya mambo mawili. Ni kweli kwamba vyuo vingi vya Uingereza vyenye ushindani haviichukui KCSE pekee kuwa inatosha kuingia mwaka wa kwanza, kwa sababu inahesabiwa kuwa karibu na mitihani yao ya wanafunzi wa miaka 16. Lakini hilo lamaanisha kwamba mwanafunzi aongeze A-Level au mwaka wa maandalizi, na kwamba njia ya mchanganyiko kwake ni ya kawaida kabisa. Upande wa Marekani ushahidi unaikanusha hoja hiyo waziwazi. Mradi wa KenSAP, ulioanzishwa mwaka wa 2004 na mwandishi John Manners pamoja na Mike Boit, mshindi wa nishani ya shaba ya mita 800 katika Olimpiki za Munich mwaka wa 1972, umewasaidia wanafunzi wa KCSE kutoka familia zisizo na fedha kuingia Harvard, Yale na vyuo vingine vya daraja hilo. Hawakuwa na IGCSE wala IB. Walikuwa na matokeo bora, SAT, na watu waliokaa nao wakawafundisha namna ya kujieleza. Isitoshe, matokeo ya KCSE hutoka Januari, baada ya makataa mengi ya nje kupita, kwa hiyo wengi wao huomba mwaka unaofuata wakiwa na cheti mkononi badala ya utabiri. Wengi huuhesabu mwaka huo kuwa hasara. Mimi nauona kuwa nafasi nzuri, maana chuo kinaamua kwa alama zilizokwisha kupatikana.

Kama jina la mtaala halina uzito huo, nini basi kina uzito? Ni masomo, na hapa ndipo wazazi hupotelea zaidi. Chukua hisabati. Katika sekondari pevu (Gredi ya 10 hadi ya 12), serikali iliamua mwaka wa 2025 kwamba kila mwanafunzi asome hisabati, lakini katika sura mbili: hisabati kamili kwa mkondo wa sayansi na teknolojia, na hisabati ya msingi kwa mikondo ya sayansi ya jamii na ya sanaa na michezo. IB nayo iligawanya hisabati yake kuanzia mwaka wa 2019, upande mmoja wa uchambuzi na mwingine wa matumizi, na idara kadhaa za uhandisi na uchumi katika vyuo vya Uingereza huudai au kuupendelea ule wa uchambuzi, katika ngazi ya juu. Mtoto aliyesoma hisabati ya msingi katika Gredi ya 10, akahamia IB mwaka uliofuata, atapangwa kwa urahisi upande wa matumizi kwa sababu ndio anaoumudu, na siku ya kuomba uhandisi ataambiwa hana sifa. Familia itasema amenyimwa nafasi kwa sababu ya kuchanganya mitaala. Ukweli ni kwamba alinyimwa na chaguo la somo lililofanywa miaka miwili kabla, ambalo lingemnyima hata kama hangehama. Oxford huwataka wanaoomba udaktari wawe na kemia pamoja na angalau somo moja kati ya biolojia, fizikia na hisabati, na sharti hilo halimjali aliyeanzia Kasarani wala aliyeanzia Runda. Mzazi anayepanga kuhama angeanza na ukurasa wa masharti ya kozi, arudi nyuma hadi kwenye masomo, na mwisho kabisa ndipo achague shule.

Sasa turudi nyumbani. Mfumo wetu wa kuwapangia wanafunzi nafasi, unaosimamiwa na KUCCPS, umejengwa juu ya KCSE. Unaanza na wastani wa C+, halafu unahesabu pointi za masomo manne yanayohusiana na kozi. Mwanafunzi wa IB au A-Level hana wastani wa herufi wala masomo saba, kwa hiyo kwa kawaida huomba moja kwa moja chuoni, ambako masharti ya chini yanayotumika sana ni kufaulu kikamilifu masomo mawili ya A-Level, au pointi 24 za IB. Masharti hayo ni mepesi. Tatizo ni kwamba kwa kozi za ushindani, kama udaktari, masharti ya chini hayamwambii mzazi ni pointi ngapi za IB zinazosimama bega kwa bega na A ya KCSE. Nimewahi kumsikia mama mmoja wa Lang'ata, mwalimu kwa taaluma, akieleza kwamba alijua kwa usahihi kile ambacho chuo kimoja cha Edinburgh kilimtaka binti yake akipate, lakini hakuweza kupata jibu la namna hiyo kutoka kwa chuo kilichoko dakika 30 kutoka kwake. Binti mwenyewe alitaka kusoma hapa.

Hata akishapata nafasi, swali la vyeti vyake halijaisha. Kazi ya kulinganisha vyeti imegawanywa katika sheria kadhaa: KNEC, baraza la taifa la mitihani, kwa mitihani ya shule, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kwa shahada za nje, na KNQA, mamlaka ya kupanga vyeti na sifa iliyoundwa na sheria ya mwaka wa 2014, kwa mfumo wa taifa wenye ngazi 10. Juu ya hizo kuna mabaraza ya taaluma, ambayo huweza kuchungulia nyuma ya shahada hadi kwenye matokeo ya sekondari. Sheria ya Kenya School of Law, chuo kinachowaandaa mawakili, ya mwaka wa 2012 inataja wastani wa C+ katika KCSE na B ya Kiingereza au Kiswahili, au matokeo yanayolingana na hayo, na mabishano juu ya nani anabanwa na masharti hayo yamefikishwa mahakamani mara nyingi na watu waliokwisha kumaliza shahada ya sheria. Tafakari hali ya kijana aliyesoma shule ya kimataifa isiyofundisha Kiswahili, akasoma sheria Uingereza kwa heshima zote, kisha akarudi nyumbani na kutakiwa athibitishe kwamba safari yake ya sekondari inalingana na ile ambayo hakuipita. Hakuna chuo cha nje kilichomtilia shaka kwa kiwango hicho. Naliona jambo hili kuwa dhuluma inayoweza kuepukika, kwa kuwa neno "yanayolingana" tayari limo ndani ya sheria, na kilichokosekana ni jedwali la wazi la kulijazia maana.

Haja ya jedwali hilo inaongezeka mwaka hadi mwaka. KCSE ya mwisho itafanywa mwaka wa 2027, na wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 12 watamaliza mwaka wa 2028. Cheti chao kipya hakina historia popote, na mashirika yanayolinganisha vyeti nje, kama UK ENIC ya Uingereza, yatahitaji maelezo ya kina kutoka Kenya: saa za masomo, kina cha mtaala, namna ya kusahihisha, na maana ya kila kiwango. Sehemu ya mafunzo imeshaonekana katika mtihani wa Gredi ya 9 wa mwaka wa 2025, ambapo alama za kumpanga mwanafunzi zilitoka asilimia 60 katika mtihani wenyewe, 20 katika tathmini ya Gredi ya 6 na 20 katika tathmini za shuleni. Mgawanyo kama huo una mantiki yake ya kielimu, lakini msomaji wa ng'ambo ambaye hakuelezwa atauliza ni nani alisahihisha ile asilimia ya shuleni, na ana haki ya kuuliza. KNEC na Wizara ya Elimu zina muda wa kuyachapisha maelezo hayo kabla ya maombi ya kwanza kutumwa, na vyuo vikuu vyetu vina muda uleule wa kutangaza, kozi kwa kozi, vitapokeaje IB, A-Level, cheti cha Uganda na hicho cha Gredi ya 12 vikiwekwa meza moja.

Kwa mzazi anayehamisha mtoto mwaka huu, kazi ya kufanya haingoji jedwali. Ahifadhi nakala rasmi za matokeo ya kila mwaka kutoka kila shule, zikiwa na muhuri na sahihi, kwa sababu shule ndogo hufungwa na kumbukumbu zake hupotea. Amwombe mwalimu mkuu wa shule ya zamani barua fupi inayoeleza mtoto alisoma nini na aliondoka katika hatua gani, wakati bado anamkumbuka. Na ikiwa mtoto anaelekea sheria, udaktari au uhandisi na anatarajia kufanya kazi Kenya, baraza la taaluma hiyo liandikiwe sasa, kwa maandishi, kuulizwa kama masomo aliyopangiwa yatatambuliwa, na jibu lake liwekwe katika faili ileile yenye vyeti.